Jinsi Balzhan Alivyolijaza Bakuli la Zeinep na Nchi Ikachaguliwa

Jongeeni, enyi mliowahi kumimina chai huku masikio yenu yakinasa maneno yanayowahusu na midomo yenu ikiwa haina ruhusa ya kuyajibu. Jongeeni, wake za watu, wabeba masinia, ninyi mnaojua kuufungua mlango kwa kiwiko na kuufunga kwa kisigino. Wafalme wana waandishi wao na majemadari wana matarumbeta yao, lakini tendo hili halikupigiwa hata kijiko juu ya sufuria, na ni aibu ya taifa zima kwamba hadi leo hakuna mtaa mjini Karaganda uliopewa jina lake. Zimeni simu. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hizi ni habari za Balzhan, mke wa Nurbol, Bingwa wa Birika, Mlinzi wa Samovari, aliyeichagulia nyumba yake nchi ya joto katikati ya baridi kuu, akiwa hana silaha nyingine ila maji ya moto.

Ilikuwa Januari, na mji ulikuwa umezingirwa. Adui aliteremka kutoka kaskazini bila kutangaza vita: upepo wa nyikani, unaopanda majengo ghorofa kwa ghorofa na kupenyeza vidole vyake katika kila ufa wa dirisha ambao mwenye nyumba ameuzembea. Magari yaligoma kuwaka. Kope za wapita njia ziliganda. Theluji iliyoanguka asubuhi ikiwa nyeupe ilifika jioni ikiwa nyeusi kwa vumbi la makaa ya mawe, na watu walitembea wameinama kama mateka wanaopelekwa kambini. Katika mzingiro wa namna hiyo, kila nyumba yenye akiba kidogo hufanya walilolifanya mababu walipohamisha makundi yao ya farasi kufuata majani: huketi, hutazamana, na kuulizana waende wapi.

Nyumba ya Nurbol ilikuwa imeulizana tangu Novemba. Nurbol mwenyewe, fundi umeme wa mgodini, Mwenye Mabega Mapana na Maneno Membamba, alikuwa amepewa likizo ya Februari na alipigania Vietnam. Hoja yake ilikuwa moja, ngumu kama ukuta wa ngome: mgodini wote walikwenda Vietnam na wote walirudi wekundu na wenye furaha. Mama yake, Kulyash, Mwenye Magoti Yanayoitabiri Theluji, aliishi nao kwa kuwa Nurbol ndiye kitinda mimba wake wa kiume na ndivyo inavyotakiwa. Alikokwenda Nurbol alikwenda na yeye. Huyo alipigania Thailand, kwa sababu jirani wa ghorofa ya nne alikandwa magoti huko na sasa anapanda ngazi kama mbuzi. Vita hivyo vilipiganwa kila siku baina ya supu na chai, mama akitupa mikuki ya magoti, mwana akijikinga kwa ngao ya wenzake wa kazini, na hakuna aliyesogea hata shubiri.

Balzhan hakuulizwa. Haikuwa kwa ubaya. Mkaza mwana ndiye anayeketi karibu na samovari, lile birika kubwa la shaba lenye bomba tumboni, na kazi yake ni kuona bakuli la nani limekauka. Akili yake ikienda Vietnam, nani ataona?

Lakini Balzhan alikuwa na nchi yake. Aliipata kwenye chai. Nyika yote ile hunywa chai ya punje nyeusi, kali, isiyokubali kushindwa na maziwa, na kwenye pakiti yake pameandikwa inakotoka. Tangu aingie katika nyumba ile kama bi harusi, Balzhan alikuwa akizikata pakiti hizo kwa mkasi, akizimimina punje ndani ya kopo la bati, na kulisoma neno lile kabla ya kuitupa karatasi: Kenya. Alilisoma akiwa mgeni wa nyumba, akalisoma akiwa amezoea, akalisoma siku alizochoka mpaka kope zinauma. Kisha siku moja ya Desemba, akiwa peke yake jikoni, aliitafuta kwenye simu. Akakuta ina bahari. Akakuta ina vilima vya kijani ambako watu husimama ndani ya chai hadi kiunoni. Na hapo, kwa umakini wa jemadari anayekagua ramani kabla ya mapambazuko, akauchambua ukoo wa mumewe, tawi kwa tawi, kuanzia Pavlodar mpaka Zhezkazgan, akitafuta mtu mmoja aliyewahi kwenda huko au mwenye nia ya kwenda. Hakumpata. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaweka mkono kifuani.

Ni lazima muelewe kwa nini. Kiangazi kilichopita walikwenda Ziwa Balkhash, wao na jamaa, na jamaa wa jamaa. Balzhan analikumbuka ziwa lile kwa sauti tu. Alilisikia likipiga nyuma ya mgongo wake kutwa nzima wakati anamimina, na alipogeuka jioni kulitazama, watu walikuwa wamekwisha kuanza kukunja mahema. Hakulitia hata kidole cha mguu. Kwa hiyo alichokitaka safari hii hakikuwa kasri wala lulu. Alitaka siku chache za joto mahali ambapo mtu mwingine, mtu yeyote, angemletea yeye chai na kumuuliza kama anataka sukari.

Basi ikawa Jumapili, mchana, na ndipo alipowasili Zeinep.

Tetemekeni kidogo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Kulyash, kwa hiyo wifi kwa Kulyash na shangazi kwa Nurbol, na mkubwa kuliko wote waliobaki hai katika ukoo ule. Hakuna aliyenunua gari, aliyeoa, wala aliyempa mtoto jina, ila Zeinep awe amefungua kwanza viganja vyake na kumwombea dua. Alishuka kwenye treni ya Pavlodar akiwa amevaa kivita, na ukumbini Balzhan alimpokea zana zake moja baada ya nyingine: kofia ya mbweha yenye mkia, shali ya manyoya ya mbuzi, koti la ngozi ya kondoo lililokuwa zito kama kondoo mwenyewe, na mwisho viatu virefu vya sufu iliyoshindiliwa, ambavyo havivuliki ila kwa kuvutwa na mtu wa pili. Zeinep alipita kwenda kuketi mbali kabisa na mlango, mahali pa heshima, chini ya zulia la ukutani, na chumba kizima kikajipanga upya kumtazama yeye.

Alilishwa kama anavyopaswa kulishwa. Ilikuja nyama juu ya chapati nyembamba zilizochemshwa, ikaja soseji ya farasi iliyokatwa vipande vinene, yakaja maandazi madogo ya moto yaliyomwagwa mezani kama dhahabu ya ushindi. Zeinep aliuliza hali ya kila mtu kwa jina. Aliwauliza magoti, mishahara na madirisha. Aliuliza kwa nini Nurbol amekonda, na Nurbol, ambaye hakuwa amekonda, aliahidi kujirekebisha. Kulyash akaropoka kwamba walikuwa wanafikiria kusafiri mwezi ujao, Nurbol akitaka Vietnam, na kwamba yule binti wa ofisi ya safari alikuwa akisubiri jibu lao jioni ile ile.

Zeinep akaweka kisu chini.

"Vietnam mkafanye nini?" alisema. "Huko hamna mtu. Thailand ndiko. Mwezi wa pili Pavlodar yote tunakwenda kisiwani, tumeshachukua nyumba tatu zimepangana, uwanja uko katikati. Tutakaa kama zamani, malishoni, watu wote pamoja. Na nyie nimeshawawekea chumba."

Kulyash alishukuru kwa sauti ya mtu aliyesomewa faini. Thailand aliipigania yeye, ni kweli, lakini Thailand ya magoti, si Thailand ya Pavlodar yote. Nurbol aliutazama mkate kama aliyetarajia umsemee. Na Balzhan, kwenye kituo chake kando ya samovari, akalipokea bakuli tupu la Zeinep lililokuwa likipitishwa kwake mkono kwa mkono.

"Tatizo ni chai," Zeinep akaendelea, akijiegemeza kwenye mto. "Wale wanakunywa chai na barafu ndani. Hebu fikiria, mtu umekimbia barafu kwenu, ukainywe kwa watu. Kwa hiyo samovari inakwenda, ile ndogo ya umeme. Itakaa kwenye sanduku la Balzhan. Nguo atapunguza, kwani atavaa nini, si joto? Atakaa pale kivulini karibu na soketi, sisi tukitoka majini tunakuta chai iko tayari. Huyu anamimina vizuri, jamani. Tangu aletwe nyumba hii sijanywa chai mbaya."

Ilikuwa sifa. Ilikuwa sifa ya kwanza kutoka kwenye kinywa kile, na ilimfikia Balzhan kama mlio wa lango la ngome linalofungwa unavyomfikia aliyebaki ndani. Akaiona bahari ya Thailand. Akaiona vizuri kabisa: ilikuwa nyuma yake.

Sasa shikeni pumzi, kwa maana tumefika uwanjani.

Katika nchi ile chai ya heshima ni chai kidogo. Mgeni anayependwa humiminiwa chini ya nusu ya bakuli, inywewe ikiwa ya moto, imalizike haraka, irudi tena, na tena. Kila bakuli dogo humwambia, kaa, mchana bado mrefu. Bakuli lililojaa hadi ukingoni husema maneno mengine. Husema, kunywa hii, koti lako liko mlangoni. Hakuna anayelitamka jambo hilo kwa mdomo, kwa kuwa hakuna haja. Mtoto hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Balzhan alitia maziwa kwanza, kama ipasavyo. Akatia chai nzito kutoka kwenye birika dogo. Kisha akalisogeza bakuli chini ya bomba la samovari na kulifungua, na maji ya moto yakaanza kupanda. Yalipita robo. Yalifika chini kidogo ya nusu, kwenye ule mpaka ambao mkono wake ulikuwa umeulinda tangu harusi, mchana na jioni, kwenye misiba na kwenye sherehe, bila askari hata mmoja kuuvuka. Yaliuvuka. Yaliingia nusu ya pili kama jeshi linaloingia nchi isiyo na walinzi, yakayateka maua ya buluu yaliyochorwa ndani, yakaupita mstari wa dhahabu, na yakasimama pale juu, yamevimba kidogo kupita ukingo wenyewe, yanatetemeka, hayamwagiki.

Hapa wasimulizi wanagombana. Wako wanaoapa kwamba mkono ulisahau, kwamba ulikuwa mkono wa mtu aliyekuwa akiisikiliza hukumu yake, na mkono wa namna hiyo haujui bomba. Wako wanaoapa kinyume chake na kusema walimwona akilitazama bakuli tangu tone la kwanza. Sisi tuwaache wagombane. Wanachokubaliana wote ni kwamba Balzhan alilibeba bakuli lile kwa mikono miwili, akakizunguka chumba chote, akapiga goti, na kuliweka mbele ya Zeinep bila tone moja kuanguka kwenye kitambaa.



Kulyash alipata rangi ya siagi. Alijitosa wa kwanza, akasema mkono umeteleza, wifi, huyu amechoka, tangu alfajiri anakanda unga. Nurbol akasema lilikuwa jua, lilimpiga machoni kutoka dirishani, na wote wakaligeukia dirisha, ambalo lilikuwa limeziba kwa barafu kutoka juu hadi chini. Wakamgeukia Balzhan, ili naye aongeze kisingizio chake kwenye rundo. Balzhan alikuwa amekwisha kurudi mahali pake na alikuwa akilifuta bomba kwa kitambaa.

Zeinep alilitazama bakuli.

"Nimejaziwa mara moja tu maishani," alisema polepole. "Aliyenijazia, siku ya kumzika wote walikwenda, mimi sikwenda."

Kisha akalichukua, kwa kuwa kuimwaga chai ni dhambi na yeye hakuwa mtu wa dhambi ndogo ndogo, akalinywa lote kwa mkupuo mmoja mrefu, macho yake yakiwa juu ya ukingo na juu ya Balzhan. Akalilaza bakuli ubavu, ishara ya mtu aliyetosheka, akajiinua kwa kushika bega la Nurbol, na kwenda ukumbini kuzivaa zana zake za vita.

Na huo ukawa wasaa wa historia, kwa sababu Zeinep havai upesi. Wakati ule ule simu ya Nurbol ikalia. Alikuwa binti wa ofisi ya safari, mchangamfu, akitaka kufunga hesabu zake za siku: je, ni Thailand au ni Vietnam, maana nafasi zinakwisha na yeye anakwenda nyumbani. Nurbol aliishika simu mbali na sikio kama mtu aliyekabidhiwa bomu. Alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukumbini, ambako mlango ulikuwa wazi na Zeinep alikuwa akipigana na mguu wa kwanza wa kiatu.

"Kenya," alisema Balzhan.

Walidhani anauliza kama aongeze chai.

"Mwambie Kenya. Twende huko."

"Kenya ni chai, mwanangu," Kulyash alimwambia kwa upole, kama anayemrudisha mgonjwa wa homa kitandani. "Mtu hasafiri kwenda kwenye chai."

"Ni nchi, mama. Chai inatoka huko. Nimeangalia."

Nurbol akamuuliza yule binti kwenye simu kama Kenya ni nchi. Binti akasikika akibofya, akasema ndiyo, ni nchi, na ndege zipo, mnabadilisha njiani. Hapo Kulyash, ambaye alikuwa ametokana na watu wasiohamia mahali kabla ya kuyaulizia malisho, alianza kuhoji. Je, kuna joto? Lipo, Balzhan alisema, bahari yenyewe ni ya vuguvugu. Wana mifugo? Wana ng'ombe, mbuzi na kondoo, tena wengi, na watu wa huko huihesabia heshima. Hilo lilimkaa Kulyash vizuri. Akauliza farasi. Balzhan alisema kuhusu farasi hana uhakika, ila wana punda milia, wanatembea ovyo maporini hawana mwenyewe.

"Wanawakamua?"

"Hawakamuliki, mama."

"Hawajajaribu," alisema Kulyash.

Nurbol aliuliza kama huliwa. Ukumbini mguu wa pili wa kiatu ulikuwa umegoma, na pumzi za Zeinep zilisikika kama za mvukuto wa mhunzi. Kulyash akainama mbele. Akapunguza sauti, jambo ambalo halikusaidia chochote, kwani ukumbi wenyewe ulikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

"Na jamaa?" alinong'ona. "Wako jamaa zetu wowote huko?"

"Hakuna hata mmoja."

"Hata wa Pavlodar?"

"Hata wa Pavlodar, mama."

Kulyash akaketi wima. Alikuwa mkaza mwana kabla ya Balzhan, katika ukoo ule ule, chini ya Zeinep yule yule, na kile kilichopita usoni mwake hakuna mwandishi wa habari za kale aliyewahi kukipatia jina. Aliyapapasa magoti yake, moja baada ya jingine.

"Basi nchi nzuri hiyo," alisema.

Nurbol akamwambia binti wa simu asubiri. Asubiri tu kidogo. Kwa maana hata Nurbol alijua kwamba nchi bila dua ni ramani tu, na mwenye dua alikuwa akivaa koti.

Zeinep alikuwa amekwisha kuvaa kofia ya mbweha na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, alipokumbuka. Walikumbuka wote kwa pamoja. Unaweza kusema nyumba yenyewe ndiyo iliyokumbuka. Meza haikuwa imefungwa. Pale kwao mtu mkubwa hufungua viganja mwisho wa chakula na kuomba, wote huitikia, wote hujipangusa nyuso, na hapo ndipo kitambaa kinapoweza kukunjwa. Bila dua ile nyama ingebaki pale, siagi ingebaki pale, vipande vya mkate vingebaki pale hadi majira ya kuchipua, na hakuna mkono ambao ungethubutu kuvikusanya. Na habari zingefika Pavlodar kabla ya treni: kwamba Zeinep alikula mkate wa mjane wa kaka yake akauacha umelala wazi. Hata maadui hawafanyiani hivyo. Wakimaliza kula huombeana heri kwanza, ndipo wakaenda kupigana.

Zeinep alisimama pale kitasani kama jemadari anayegundua kwamba amesahau mjini bendera yake mwenyewe. Kisha akakaa kwenye kigoda cha ukumbini na kunyoosha mguu.

Kiatu cha sufu hakivuliki bila mtu wa pili. Balzhan alikwenda, akapiga goti, akakishika kisigino kwa mikono yote miwili na kuvuta. Walikuwa uso kwa uso, mmoja akivuta na mwingine akikaza mguu, na mvutano ule ulikuwa mkali kuliko mingi inayosimuliwa. Kiatu kilitoka kwa ghafla. Balzhan alianguka chini kwa makalio. Zeinep alimtazama, akanyoosha mguu wa pili.

Basi akarudi akiwa na kofia yake ya mbweha kichwani na koti lake mwilini, akaketi tena chini ya zulia, akafungua viganja vyake, na wote wakafungua vyao. Na hapo Nurbol, yule wa maneno membamba, akasema sentensi yake ya kwanza siku ile ambayo haikuwa jibu la swali la mtu.

"Shangazi, na ya safari pia."

Yako matendo ya kishujaa yaliyofanywa kwa maneno mengi kuliko hayo na ujasiri mdogo kuliko huo. Viganja vilikuwa vimekwisha kufunguliwa. Zeinep mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wadogo tangu zamani kwamba anayeombwa dua akiwa amefungua viganja hana ruhusa ya kuvifunga, na kwamba dua ya safari hutajiwa mahali, ili baraka isipotee njiani ikaangukia watu wengine.

"Wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno hadi la punda milia.

"Kenya."

Mkia wa mbweha ulitikisika. Zeinep alifumba macho. Dua si mahali pa kisirani. Mdomo unaoanza kuomba heri hauwezi kugeuzwa katikati ukaapiza, na alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale.

"Meza hii isikauke," alisema. "Nyumba hii isipoe. Magoti ya Kulyash yalainike. Hawa wanaokwenda..." akameza mate, "... Kenya, barabara yao iwe nyeupe, waende wazima, warudi wazima. Na huko waendako wakute jamaa wengi, wa kuwaliwaza."

Kulyash na Nurbol wakaitikia amina na kujipangusa nyuso. Balzhan aliitikia yote isipokuwa hilo la mwisho, ambalo aliliacha lipite juu ya kichwa chake kama mshale, akajipangusa uso baadaye kidogo.

Ndivyo ilivyochaguliwa Kenya. Andikeni. Andikeni kwamba mahali ambapo Vietnam ilishindwa ikiwa na mgodi mzima nyuma yake, na Thailand ikashindwa ikiwa na nyumba tatu zilizopangana na samovari ya umeme, nchi iliyokuwa haina mtetezi ila karatasi ya pakiti iliingia na kuketi mahali pa heshima. Andikeni kwamba mgodi haukusimama kwa ajili ya habari hizo, wala kengele hazikugongwa, wala upepo wa kaskazini haukuacha kupuliza hata kidogo. Lakini andikeni kwamba binti wa ofisi ya safari, alipoambiwa, alisema, sawa, na kwa neno hilo sawa watu watatu wa Karaganda wakawa na bahari. Kitambaa kilikunjwa. Mbele ya macho ya wote Balzhan alimfungia mgeni chakula cha kubeba, soseji ya farasi, maandazi, peremende za kutosha ukoo, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa amejaziwa bakuli, na Zeinep aliupima mfuko ule kwa mkono na kuupokea.

Mlangoni alisimama tena. Kiatu, shali, koti, kofia, kila kitu mahali pake. Kulyash na Nurbol walikuwa nyuma ya Balzhan, wamebanana, wote wawili wakiwa na kisingizio tayari mdomoni kama wanaotaka kumkopesha.

"Mimi nimeshawaombea, dua hairudi," Zeinep alisema, na sauti yake haikuwa kali tena. Ilikuwa imechoka, na karibu iwe laini. "Sasa na wewe nipe changu. Sema tu mkono uliteleza, uniombe radhi, yaishe. Nikifika Pavlodar niwaambie mkono wa binti uliteleza."

Kulyash alimfinya Balzhan mgongoni. Nurbol alikohoa. Lilikuwa jambo dogo, pumzi moja tu, na mlango ungefungwa kwa amani.

"Haukuteleza, shangazi," alisema Balzhan. "Nililijaza nikiliangalia. Nyumbani hapa sikukufukuza, njoo hata kesho, utakuta chai. Nilikufukuza kwenye safari yangu. Na radhi siombi."